Bi Sikujua Khamisi, Mama Aliyekwenda Mbagala Kulinda Eda ya Mkwewe

Ndugu, jamaa na majirani mliofika Kibiti leo Alhamisi, tarehe 15 Januari 1998, maneno haya nimeyaandika mimi, Zamda Abdulkarimu, mkwe wa marehemu. Anayewasomea ni mwanangu Zaidi, mjukuu wa marehemu. Nimemwomba asome polepole na asiruke kitu, hata pale atakapoona haya mbele ya wakubwa. Siku ya maziko watu hupambwa sana, na marehemu mwenyewe hakupenda mapambo. Akisikia mtu anasifiwa kupita kiasi msibani alikuwa akininong'oneza, "Huyu anayesemwa ni nani? Mie namjua mwingine." Kwa hiyo nitajaribu kumsema yule yule mliyemjua.

Marehemu Bi Sikujua Khamisi alizaliwa Salale, huko kwenye delta ya Rufiji, mwaka 1931. Tarehe haijulikani. Mwaka wenyewe alikadiriwa na mwalimu wa kisomo, ambaye alimuuliza habari za njaa na za vita mpaka akaufikia, na marehemu akaukubali kwa sababu, alisema, hakuwa na mwaka mwingine wa kushindana nao. Baba yake, Mzee Khamisi, alikuwa mkata boriti kwenye mikoko. Mama yake, Bi Zuena, alilima mpunga. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano, na wenzake wote wamemtangulia.

Alisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani pale Salale, akahitimu juzuu mbili, kisha baba yake akamtoa ili akasaidie shamba. Shule ya serikali hakuiona. Mwaka 1973, akiwa mtu mzima mwenye wajukuu, aliingia kisomo cha watu wazima huko Mkongo, akajua kuandika jina lake na kusoma herufi kubwa. Miaka hii ya karibuni, biashara zilipofunguliwa na kila kibanda cha Kibiti kikaandikwa jina, alipata mengi ya kusoma. Alikuwa anasimama mbele ya duka, anasoma kibao kwa sauti mpaka mwisho, halafu anauliza bei ya kitu ambacho hakukusudia kununua. Wenye maduka walimzoea.

Aliolewa mwaka 1948 na marehemu Swalehe Nassibu wa Mkongo. Mungu aliwajalia watoto sita, na waliokua wakawa watu wazima ni wawili: Mwanaamina, aliyezaliwa 1951, na Nassibu, mume wangu, aliyezaliwa 1956. Walilima mpunga bondeni, na kila mwaka mpunga ulipoanza kubeba, yeye na mumewe walihama kijijini wakaenda kuishi dunguni, kile kibanda cha juu ya nguzo katikati ya shamba, mpaka mavuno. Nguruwe walifukuzwa usiku na ndege mchana. Vyungu, vitanda na kuku vilihamia huko. Wengi wenu hapa mmezaliwa dunguni, msijifanye hamjui.

Mzee Swalehe alifariki dunguni, Aprili 1979, mpunga ukiwa bado mbichi. Ndugu wa mume walikuja kuchukua maiti, wakamchukua na mjane, wakampeleka Mkongo na kumweka ndani akae eda. Mimi nilikuwa mke mgeni katika familia, nina Zaidi kifuani. Nassibu alikuwa kibaruani Kibiti. Hakuna aliyebaki shambani. Marehemu alipotoka eda, miezi minne na siku kumi ilipokwisha, alikwenda bondeni akakuta mabua. Mwaka ule tulikula mihogo ya kuomba, na maziwa yangu yalikata. Mwaka uliofuata Sheikh Abdulswamadu, ambaye wakati huo alikuwa kijana aliyetoka masomoni, alimweleza kwamba mjane hukaa eda katika nyumba aliyokuwa akiishi mumewe alipofariki. Kama walikuwa wamehamia dunguni, basi nyumba yake ilikuwa dunguni, na mpunga wake ulikuwa chini ya macho yake. Marehemu aliniambia habari hiyo mara moja tu, tukipepeta mchele. "Walinipenda," alisema, "lakini walinipenda vibaya."

Baada ya hapo tulihamia Kibiti sote. Marehemu aliishi kwa mikeka. Aliusuka ukili akiwa amekaa, akiwa amesimama na akiwa anatembea kwenda sokoni, na mikeka yake ya rangi imelaliwa mpaka Dar es Salaam. Mimi nilikuwa karani wa chama cha ushirika tangu 1984. Mwaka 1993 nilipunguzwa kazini, kwa sababu wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wameingia na chama kimebaki na ofisi tupu na mzani. Nassibu alikuwa ameanza kununua kamba Nyamisati, anawapakia kwenye barafu na kuwapeleka mjini. Siku hizo kila mtu alikuwa mfanyabiashara na hakuna aliyefundishwa biashara. Nilimwambia mume wangu kwamba nataka kuisoma, niisome hasa, na nifike chuo kikuu. Nilikuwa na kidato cha nne tu, tena cha zamani. Nassibu hakucheka. Aliyecheka ni mama yake, ambaye aliniuliza kama huko chuo kikuu wanapokea watu wenye mvi.

Walikuwa wanapokea, ila kwa mlango mwingine. Mwaka 1995 nilijiandikisha Chuo Kikuu Huria, katika kozi ya awali ya watu wasiopitia kidato cha sita. Nikifaulu ningeweza kuomba nafasi ya shahada ya biashara, masomo ya kutwa. Kusoma Chuo Huria maana yake mwanafunzi yuko nyumbani kwake na vitabu, na anakwenda mjini kwa mitihani na vipindi vichache vya ana kwa ana. Sasa Kibiti mtu anayeonekana nyumbani ni mtu asiye na kazi. Huyu alikuja kuomba chumvi, yule kutafuta wa kumsindikiza harusini, mwingine alikuja kukaa tu. Marehemu aliliona hilo kabla yangu. Alitandika mkeka mlangoni, akakaa na ukili wake.

"Hodi. Mama Zaidi yupo?"

"Hayupo."

"Mbona namwona pale dirishani?"

"Unamwona, lakini yuko darasani. Njoo alasiri."

Kuna shoga zangu walionuna mpaka leo, na wako humo ndani wanasikiliza. Mwaka wa kwanza nilianguka somo la hesabu. Marehemu hakunipa pole. Aliuliza kama linarudiwa, nikamwambia ndiyo, akaniambia basi niache kulia nikapumzike, yeye atapika. Alipika mwaka mzima. Nilifaulu mwaka 1997, na chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam kikanipa nafasi ya kuanza mwaka wa kwanza wa shahada, masomo ya kutwa, mwezi Oktoba. Nilikuwa na miaka thelathini na saba. Mwisho wa kuripoti ulikuwa Ijumaa, tarehe 31 Oktoba, na asiyeripoti nafasi yake alipewa mwingine aliyekuwa akisubiri.

Nassibu alipanga chumba Mbagala, akalipa kodi ya mwaka. Mwezi Agosti tulihamia huko wawili, yeye na kamba wake, mimi na vitabu vyangu. Watoto, Zaidi na mdogo wake Warda, walibaki Kibiti kwa bibi yao. Mwezi Septemba Nassibu alishikwa na homa ya matumbo. Marehemu alikuja kumuuguza hospitali, akakaa naye wiki nzima, kisha akarudi Kibiti kwa ajili ya watoto akidhani mgonjwa ameanza kupata nafuu. Nassibu alifariki Ijumaa, tarehe 3 Oktoba 1997. Tulimleta Kibiti kwenye gari moja, yeye amelala na mimi nimekaa. Wengi wenu mlikuwepo. Baada ya maziko niliingizwa ndani kukaa eda.

Sasa nasema yale ambayo Zaidi ataona haya kuyasoma. Siku ya matanga kuanuliwa, wakubwa walikaa ukumbini na mimi nikakaa chumbani, nyuma ya pazia. Nilikuwa nimeomba nikaripoti chuo kisha nirudi. Baba mdogo Faraji, mdogo wake Mzee Swalehe na mkubwa wetu sasa, ndiye aliyesema kwanza. Ananisikia, na simsemi vibaya, nasema yaliyotokea.

"Shemeji," alimwambia marehemu, "hebu tusaidie kusema na mkweo. Anataka kutoka eda akakae darasani na vijana. Watu watatuelewaje?"

"Watu gani?"

"Watu. Kibiti nzima."

Wifi yangu Mwanaamina akasema, "Chuo hakihami, mama. Mwakani kitakuwepo pale pale."

Nikajibu kutoka nyuma ya pazia kwamba chuo hakihami, lakini nafasi yangu mwakani itakuwa ya mtu mwingine. Mwanaamina akaniambia mjane hapazi sauti. Alisema kweli. Nilikuwa nimempoteza mume, na sasa naona miaka yangu miwili ya kusoma inafungwa katika khanga na kuwekwa juu ya kabati. Marehemu alikuwa amemzika mwanawe wa pekee wa kiume, na nilidhani hana nguvu ya jambo lolote lingine.

Siku chache baadaye alimchukua Zaidi wakaenda Mkongo kwa Sheikh Abdulswamadu. Mvua zilikuwa zimeshaanza, zile mvua za safari hii ambazo hazijui msimu. Gari liliwashusha njiani, wakamalizia kwa miguu. Zaidi ndiye aliyenisimulia. Sheikh aliwakaribisha, akasoma fatiha kwa ajili ya Nassibu, kisha akauliza haja yao.

"Nimekuja kuuliza la mkwe wangu," marehemu alisema. "Eda yake anaikaa Kibiti."

"Siku Nassibu anafariki, mkewe alikuwa anaishi wapi?"

"Mbagala, kwenye chumba chao."

"Basi Kibiti amefuata nini?"

"Alifuata maiti. Kama mie nilivyofuata."

Sheikh alikumbuka ya dunguni. Akasema mjane arudi kwenye nyumba aliyokuwa akiishi, amalizie eda yake huko. Kama ana haja ya lazima atoke mchana, usiku alale nyumbani, asijipambe wala asijitie manukato. Masomo aliyoyahangaikia na yatakayompotea aliyaona ni haja. Akaongeza kwamba kwa mji ule, na kwa midomo ya watu, ni vizuri apate mtu wa familia wa kulala naye.

"Mtu huyo ni mie," marehemu alisema.

Aliporudi Kibiti alilisema hilo mbele ya baba mdogo Faraji, wima, hajavua hata viatu vyenye matope. Baba mdogo hakubishana na sheria. Aliuliza jambo moja tu. "Na arobaini ya Nassibu je?"

"Mtaisoma."

"Bila mama yake?"

"Mie nitamsomea huko huko."

"Mama gani asiyekaa kwenye arobaini ya mwanawe?"

Marehemu akamwambia Zaidi amtunze Warda, akaingia chumbani kufunga nguo zake. Swali lile limezunguka Kibiti tangu Oktoba. Limeulizwa kisimani, limeulizwa sokoni, na nimeambiwa limeulizwa hata juzi. Kwa kuwa mwenyewe hakulijibu, nalijibu mimi leo kwa maneno yake. Tulikuwa juu ya lori la mkaa, limezama kwenye tope kabla ya Mkuranga, na tumejifunika turubai moja. Nilimwambia, "Mama, rudi. Watakusema." Akasema, "Nassibu aliniambia hospitali, Zamda asirudi nyuma. Kulia nitalia popote, mwanangu. Hili aliloniomba linafanyika Mbagala tu." Hilo ndilo jibu. Asiyeridhika nalo aje aniulize mimi, marehemu apumzishwe.

Safari ile ilituchukua tangu Jumamosi mpaka Jumatatu. Niliripoti chuo Jumanne, tarehe 28 Oktoba, nikiwa katika nguo za eda, na nafasi yangu nikaikuta. Nilikuwa natoka Mbagala jua likishachomoza na kurudi kabla halijazama. Vipindi vya jioni nilivikatisha katikati. Darasani vijana waliniachia benchi peke yangu, na mmoja wa kutoka bara aliniuliza kama mimi ni mtawa. Nikirudi nilimkuta marehemu amesimama mlangoni. Ananiuliza leo nimefundishwa nini, na anasinzia kabla sijamaliza kueleza. Asubuhi huniambia kwamba hata hivyo limemwingia.

Siku ya arobaini ya Nassibu alipika wali kidogo, akawaita watoto wa majirani wakasoma, akawalisha. Alisoma na yeye zile juzuu zake mbili. Baada ya hapo alilia mpaka sauti ikaisha, na mimi nikalia, na tulikuwa wawili tu katika mji ambao hakuna aliyemjua Nassibu. Sijawahi kuona upweke wa namna ile, na sitaki kuuona tena.

Kilichomuua marehemu ni mvua na mlango. Nyumba yetu iko bondeni, na mwezi Novemba maji yalianza kuingia ndani. Kitanda tulikiinua kwa matofali. Nilimsihi alale kitandani. Alikataa. Tulisihiana, tukagombana, nikamnunia siku nzima. Alitandika magunia mlangoni, juu yake mkeka, akalala pale kila usiku ameziba njia, ili mtu yeyote akiuliza mjane wa Nassibu analala wapi, awepo wa kusema hakutoka na hakuingia mtu. Magunia yalilowa, tukayaanika, yakalowa tena. Mwezi Desemba Mwanaamina alikuja kututazama. Hakuficha kwamba ametumwa. Alipomwona mama yake amejilaza pale na kikohozi kimeshamwanza, alikasirika kwelikweli.

"Mama, turudi nyumbani. Utakufa hapa."

"Nikirudi, nani atasema huyu alilala wapi?"

"Atasema mwenyewe."

"Mwenyewe hamumwamini. Ndiyo sababu ukatumwa."

Mwanaamina aliondoka analia. Nashukuru kwamba alipofika Kibiti alisema alichokiona na hakuongeza wala kupunguza.

Mwezi wa Ramadhani uliingia siku ya mwisho ya mwaka. Marehemu alifunga siku za mwanzo, mpaka tabibu wa zahanati alipomkataza na kumwambia ana homa ya mapafu, akalazwe hospitali. Alikataa kulazwa. Hoja yake ilikuwa moja, kwamba akilazwa mimi nitalala peke yangu, na wiki hizi zote zitakuwa bure. Nilimwambia niache chuo nimuuguze. Hapo alinitazama kwa jicho ambalo sikuwahi kulipata kwake tangu niolewe. Nikatuma salamu Kibiti, na Mwanaamina akaja Jumapili, tarehe 11 Januari. Alipoingia tu, marehemu alimwuliza kama anaweza kulala hapa. Mwanaamina akasema anaweza. Marehemu akasema basi, nipelekeni hospitali.

Alikuwa amechelewa. Madaktari walifanya waliloweza, nasi tunawashukuru. Mchana tulikuwa naye sote wawili. Likikaribia jua kuzama alitufukuza, kwa sababu mimi lazima nilale Mbagala na Mwanaamina lazima alale na mimi. Mama aliyewahi kulala mlangoni kwa ajili ya mtu mwingine, usiku wake wa mwisho alilala wodini bila mtu wake. Hilo nimeliandika kwa shida. Sina la kulifanya lipungue, na sitaki mtu anitafutie.

Jana Jumatano asubuhi tulimkuta anapumua kwa tabu, lakini ametutambua. Aliniuliza eda imebaki kiasi gani. Nikamwambia wiki tatu na ushee. Akamtazama Mwanaamina, si mimi, akasema, "Zimalizeni." Kisha alipiga shahada, Mwanaamina akiwa ameshika mkono wake wa kulia. Alifariki saa tatu asubuhi, tarehe 14 Januari 1998, siku ya mfungo, akiwa na umri unaokadiriwa miaka sitini na saba. Tulimwosha na kumkafini sisi wawili. Alikuwa mwepesi sana.

Marehemu ameacha binti mmoja, Mwanaamina, mkwe mmoja, wajukuu saba, vitukuu watatu, shemeji yake Mzee Faraji, na ukili ambao haujashonwa mkeka. Naomba radhi kwa yeyote aliyekosewa naye. Alikuwa na ulimi, na waliokaa naye mnajua. Mwenye dai lolote kwake aonane na Zaidi.

Mimi sipo msibani. Njia haipitiki kwenda na kurudi kabla ya jua kuzama, na marehemu alishakataza. Ile ruhusa aliyonitafutia kwa miguu yake mpaka Mkongo ndiyo inayonizuia leo nisimsindikize. Naandika haya Mbagala, nimekaa kwenye kitanda, gari lililombeba marehemu liko nje na dereva, atakayempa Zaidi karatasi hii, anapiga honi.

Wengi mtakuwa mnamtafuta Mwanaamina humo ndani kwa akina mama, mumpe mkono wa pole. Hayupo. Alikuwa ameshapanda gari, amekaa miguuni kwa mama yake. Sasa hivi ameshuka na furushi lake. Nimemwambia, "Wifi, panda ukamzike mama." Ameliweka furushi mlangoni, akafuta uso kwa upindo wa khanga, akaniuliza, "Kesho una kipindi saa ngapi?"

Nimemwambia saa mbili.

Mpokeeni mama yetu, mumlaze taratibu. Mola amsamehe, amfungulie mlango wa rehema, na ampe raha ya kulala.